Paa Lililovuja Kiangazi

Mwandoya,
4 Julai 2024

Mwanangu Apolonia, Mama Monika,

Mwangaluka. Mimi sijambo, ni magoti tu yanayonisumbua. Pamba tumemaliza kuchuma, na mwaka huu imekuwa nyeupe vizuri. Jirani yangu Elizabeth anakusalimu. Ng'ombe wake amezaa ndama jike na nyumba nzima inakunywa maziwa.

Najua utacheka kwamba bado naandika barua. Lakini simu masikio yangu hayaipati tena, na ujumbe ukiutuma ni lazima nimtafute mwenye macho mazuri anisomee herufi zile ndogo, na mengine si ya kusomewa na jirani. Hii nampa Paschal, konda wa basi la Bariadi. Nawe ukijibu mpe yeye. Nimewafundisha darasa la kwanza watoto wa kata hii tangu ukiwa mgongoni. Mkono haujasahau kazi yake.

Monika namrudisha kwa basi hilohilo. Likizo yake imekuwa njema, amekula michembe, viazi vyetu vikavu, mpaka nikaficha chungu. Ila mwanangu, kuna jambo. Jicho lake la kulia limeanza kuingia ndani, kuelekea puani. Akitaka kuniangalia anainamisha kichwa upande kwanza. Juzi aliniambia, "Bibi, leo mko wawili." Watoto wa Elizabeth walicheka. Mimi sikucheka. Anatembea miguu imeachana kama mtu anayevuka mto wenye mawe, na maziwa yakimpalia yanatokea puani.

Nimekaa na watoto wengi darasani. Mtoto mchokozi namjua, mvivu namjua, mwenye minyoo namjua. Huyu simjui. Mpeleke hospitali, usingoje mumeo arudi safari.

Mama yako,
Klementina


Bariadi,
29 Julai 2024

Mayu, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Sare za shule zilinizidi, na mkweo Masalu anasomba pamba kwa lori kwenda kinuni usiku na mchana. Akirudi analala na viatu. Sisi wazima. Anifa mwenye duka la vitambaa, yule ambaye cherehani yangu iko barazani kwake, anakusalimu na anauliza lini utamletea mchele wa Mwandoya.

Monika nilimpeleka kwanza kwa watu wa miwani. Wakampa miwani. Akalalamika kichwa, nikampeleka zahanati moja hapa mjini, wakasema taifodi, akameza vidonge. Nikajipa moyo. Kisha mwalimu wake akaniita kuniambia kwamba maandishi yake yanashuka nje ya mistari, na siku ile ile jioni akicheka nikaona mdomo umecheka upande mmoja tu.

Kesho yake Anifa alizuia gurudumu la cherehani kwa mkono. Akasema, "Leo hushoni. Leo tunakwenda hospitali ya mkoa, na mimi nafunga duka." Wakampiga picha ya kichwa. Daktari aliitazama kwa muda, akamwita mwenzake, naye akaitazama. Wakaniandikia rufaa ya Mwanza. Hawakuniambia ni nini. Walisema tu niende wiki hii hii.

Usiwe na wasiwasi, mayu. Mwanza kuna wataalamu.

Mwanao,
Apolonia


Mwandoya,
8 Agosti 2024

Mama Monika,

Barua nimeipata. Nimesali rozari. Paschal anasema mtakuwa mmeshafika Mwanza, basi bahasha hii ataipitisha kwa dereva mwenzake.

Huku hamna jipya. Watu wanauliza habari za mtoto. Wengine wananiuliza alikula nini kwangu, na siku gani alianza kuugua, na nani alikuwapo. Nawajibu. Mtu akiuliza hujibiwa.

Niandikie kila kitu daktari anachosema. Kila kitu.

Mama


Mwanza,
6 Septemba 2024

Mayu, shikamoo.

Tunakaa kwa mdogo wake Anifa, mtu wa watu kama dada yake. Monika amezoea ziwa. Kila asubuhi anataka kuona ndege weupe wakigombea vichwa vya samaki. Masalu alikuja mara moja akarudi, pamba haimsubiri. Aliingia hospitali akakaa kwenye benchi la nje, hakutaka kuingia kwa daktari. Alisema harufu ya dawa inamtoa jasho.

Walimlaza Monika kwa dawa wakamwingiza kwenye ile mashine kubwa ya MRI. Daktari wetu anaitwa Twaibu. Ni kijana bado, lakini anaongea polepole kama mzee. Alinionyesha picha. Mayu, ni uvimbe, uko kwenye shina la ubongo, pale ubongo unaposhuka kukutana na uti wa mgongo. Anasema hapo ndipo zinapopita amri zote: za macho, za kumeza, za kutembea, hata za kuvuta pumzi. Ndiyo maana jicho, ndiyo maana maziwa.

Nikamwambia akate. Akasema kuna uvimbe wa kichwani unaokatika, watoto wakapona wakarudi shule, lakini huu haukukaa kama jiwe ndani ya mchele, umechanganyika kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka kwenye mchuzi. Akikata uvimbe anakata na mtoto. Kwa hiyo anapewa mionzi, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili, kwa wiki sita. Wamemtengenezea barakoa ya plastiki inayoshika uso wote ili kichwa kisitikisike. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili aliomba apewe aje nayo nyumbani awatishie watoto. Dawa ya kupunguza uvimbe inamtia njaa ya ajabu na mashavu yamejaa, ukimwona utasema ni mtoto wa tajiri.

Nilipomaliza kuuliza maswali yangu, Dk. Twaibu alifunga mlango akazungumza nami tena, peke yangu. Ni mtu mpole sana. Dirisha la chumba chake linaangalia ziwa.

Monika anaomba michembe. Ukimpata mtu, tuma.

Apolonia


Mwandoya,
22 Septemba 2024

Mwanangu,

Michembe nimempa Paschal, na karanga kidogo. Mungu awabariki hao waliowapokea.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeniandikia barakoa, umeniandikia mashavu, umeniandikia dirisha. Alichosema daktari mlango ulipofungwa hukuniandikia. Sikulazimishi. Nakuambia tu kwamba nimeona pengo hilo.

Huku tulitembelewa. Baba mkubwa wa mumeo, Mzee Machibya, alitoka Lalago na vijana wawili. Nilimkaribisha kwa maziwa ya mgando, akasema amefunga, ingawa si mtu wa kufunga. Aliuliza chumba alicholala Monika ni kipi. Akasimama mlangoni akakitazama, hakuingia. Akaniaga vizuri.

Mbwa wangu Simba amekufa. Alikuwa mzee. Nami kwa sasa nalala kwa Elizabeth, maana paa la nyumba yangu linavuja. Usijali, ni jambo dogo, fundi atakuja.

Mwangalie mtoto.

Mama


Bariadi,
12 Novemba 2024

Mayu, shikamoo sana.

Tumerudi nyumbani, na nina habari ya kukufurahisha. Jicho la Monika limenyooka. Anatembea, anakimbia, anameza hata ugali mgumu. Jumapili iliyopita aliimba na watoto wenzake kanisani, nikasikia sauti yake juu ya zote. Padri alimshika kichwa. Watu wazima walilia.

Masalu amekuwa mtu mwingine. Ameninunulia kitenge. Aliamua tukashukuru kwao Lalago, akachinja dume lake la rangi ya majivu, lile alilokuwa hataki hata kulitajia bei. Ukoo wote ulikuja. Monika alikalishwa kwenye kiti mbele, akachoka kusalimiwa.

Jambo moja halikunikalia vizuri. Baada ya kula, Mzee Machibya alisimama kusema maneno. Alimshukuru Mungu, kisha akasema, "Aliyemshika mtoto amemwachia. Mganga alituambia ataachia, akishajua kwamba anajulikana." Wanawake waliokaa jirani nami wakatazama sahani zao. Nilimwuliza Masalu njiani ni nani huyo anayejulikana. Akasema ni maneno ya pombe.

Kwa nini hukuja? Tulikutumia ujumbe kwa Paschal na kwa Elizabeth. Monika alikuwa anaangalia kila gari.

Apolonia


Mwandoya,
25 Novemba 2024

Mama Monika,

Wabeja kwa habari njema. Nilipiga magoti, pamoja na maumivu yake.

Sikuja kwa sababu ya kupanda. Mvua ya kwanza haingoji mtu. Na si vizuri nije Lalago kwa sasa. Wakati mwingine utafika.

Mpe Monika busu la bibi. Mkumbushe kushika penseli vizuri, kwa vidole vitatu, si kwa ngumi.

Mama


Bariadi,
14 Desemba 2024

Mayu,

Shikamoo. Leo sitaanza na habari za nyumbani.

Jana nilimshika Paschal stendi, nikamwambia sitampa bahasha nyingine mpaka anieleze mama yangu anaishije. Aliangalia chini. Kisha akasema yote. Kwamba tangu mwezi wa nane wanakurushia mawe juu ya bati. Kwamba Simba hakufa kwa uzee, alikatwa. Kwamba asubuhi moja ulikuta panga limelazwa kizingitini, limenolewa, makali yakielekea ndani. Kwamba wanawake wa kitongoji hawachoti tena maji ukiwapo kisimani, isipokuwa Elizabeth.

Paa linavuja, uliniandikia. Mwezi wa tisa, mama. Mwezi wa tisa hakuna tone Mwandoya, hata mbuzi wanalamba vumbi. Niliisoma barua ile, nikaikunja, nikaendelea kumbembeleza mtoto avae barakoa.

Mwanamke mzee, mjane, macho mekundu kwa moshi wa mabua ya pamba, na mjukuu aliugua nyumbani kwake. Sote tunajua hesabu hiyo kwetu inajumlishwaje.

Sasa nikupe na langu, maana uliliona pengo. Dk. Twaibu alifunga mlango akasema, "Mama Monika, mionzi itampa muda. Haitamponya. Atarudi kuwa mtoto wako kwa miezi michache, utamwona anacheza, na watu watasema amepona. Kisha uvimbe utarudi. Ukirudi, hatutakuwa na cha kuuzuia." Nilimwuliza muda gani. Alisema watoto wengi hawafiki mwaka tangu siku ya kipimo.

Sijamwambia mtu. Masalu anajua kwamba mionzi inakausha uvimbe, basi. Nilimwacha achinje dume. Niliimba na mimi. Kila siku namwangalia Monika akiamka, naangalia jicho kwanza kabla ya kumsalimia.

Njoo ukae kwangu. Nakuomba.

Apolonia


Mwandoya,
20 Desemba 2024

Mwanangu Apolonia,

Nimelia, nikanawa uso, sasa naandika.

Nilijua. Si kwamba ningeweza kuutaja ugonjwa, lakini mama anayeficha huandika barua nyepesi. Uliuchukua mzigo huo peke yako kwa miezi mitatu na mimi nikakuficha wangu. Tumelingana, tusilaumiane.

Mimi kuja kwako, hapana. Nikiondoka sasa nimekiri. Nyumba yangu itachomwa wiki hiyo hiyo, na lile jina litanifuata Bariadi na kukaa mlangoni kwako, juu ya mtoto mgonjwa.

Lakini nisikilize kwa makini. Mwambie mumeo. Mwambie sasa, wakati Monika anacheza. Wao wanaamini nilimshika mtoto na nimemwachia. Jicho likipinda tena, watasema nimemshika mara ya pili, na mara hiyo hawataweka panga kizingitini. Masalu akisikia siku mtoto atakapoanguka, atasikia kama mtu aliyepigwa, naye mtu aliyepigwa hutafuta wa kumpiga. Akisikia kabla, huenda akasikia kama baba.

Asisikie kutoka kwako peke yako. Mpeleke kwa daktari. Mtu asiyetaka kuingia chumbani, mwingize.

Sikuombi kwa ajili ya kichwa changu tu. Mtoto anakwenda kufa, mwanangu, nami sitaki afe katikati ya watu wanaotazamana kwa chuki. Na afe amefanyiwa haki.

Mama yako,
Klementina


Bariadi,
2 Februari 2025

Mayu,

Shikamoo. Naandika haraka, Paschal ananisubiri.

Nilichelewa. Krismasi ilipita, nikasema baada ya mwaka mpya. Mwaka mpya ukapita. Kisha wiki iliyopita Monika aliacha kikombe kikaanguka, akakitazama pale chini kana kwamba ni cha mtu mwingine. Jioni hiyo nikamwambia Masalu.

Aliuliza, "Ulijua tangu mwezi wa tisa?"

Nikasema nilijua.

"Na dume nikachinja?"

"Ulichinja."

Hakunipiga, hakupaza sauti. Alikwenda kukaa ndani ya lori lake lililozimwa. Asubuhi akasema twende Mwanza.

Safari hii aliingia. Dk. Twaibu alitundika picha zote mbili, ya zamani na mpya, akamwonyesha kwa kalamu. Masalu alisikiliza kama anavyosikiliza injini. Mwishoni akauliza swali ambalo nilijua analo. "Nani amemfanyia?" Daktari hakumcheka. Alisema, "Hakuna. Watoto wachache wanaupata kila mwaka, kila nchi, wa matajiri na wa maskini, wa mjini na wa machungani. Haurithiwi, haulishwi, hautupwi. Kwa nini anaupata huyu na si yule, sisi wenyewe hatujui." Masalu akasema, "Hamjui." Daktari akasema, "Hatujui. Ningejua ningekuambia." Alitupa dawa za kumtuliza na akatufundisha kumlisha akiwa ameketi, kidogo kidogo.

Tulirudi Bariadi. Jana alfajiri Masalu aliondoka na lori bila mzigo, akachukua na zile picha. Hakuaga. Paschal ananiambia ameliona limeegeshwa Lalago, uani kwa Mzee Machibya, na vijana wamepanda nyuma.

Elizabeth hapokei simu. Nimempigia mwenyekiti wa kitongoji chenu, akasema ataangalia, sauti yake sikuipenda. Siwezi kumwacha Monika, hawezi kuketi mwenyewe. Mama, kama lori hilo linakuja kwako, sijui linakuja na nini. Ondoka nyumbani. Nenda parokiani, nenda polisi, nenda popote.

Apolonia


Mwandoya,
4 Februari 2025

Mama Monika, mwanangu,

Nipo. Naanza na hilo ili upumue. Barua yako ilifika baada ya lori.

Walifika adhuhuri. Nilikuwa napepeta mahindi uani. Niliposikia injini nilijua ni la Masalu, nikajifunga kanga vizuri. Mzee Machibya alishuka mbele, vijana wakaruka kutoka nyuma, watu wakaanza kutoka majumbani bila kuitwa. Mwenyekiti naye akaja, akasimama mbali kidogo, mahali ambapo mtu anaweza kusema hakuona. Elizabeth alikuja kusimama pembeni yangu. Aliweka mkono wake begani kwangu.

Masalu alisimama kwa umbali ambao mkwe husimama. Hakunitazama. Alitoa ile picha kwenye bahasha akaiinua juu, akaielekeza kwenye jua, akamwambia Mzee Machibya asogee. Masikio yangu unayajua, lakini Masalu aliongea kwa sauti kubwa, kila mtu asikie, na yaliyonipita Elizabeth alinieleza baadaye.

Alieleza vizuri, mwanangu. Alionyesha shina kwa kidole, akasema amri za macho zinapita hapa, za koo hapa. Akasema uvimbe ulikuwa ndani ya mtoto kabla hajapanda basi la kuja kwangu, na kwamba bibi ndiye aliyeliona jicho kwanza, akaandika apelekwe hospitali, na wao wazazi ndio waliochelewa. Akasema, "Monika hajapona. Anakufa. Daktari alieleza tangu mwanzo utaratibu wake, na unakwenda kama alivyosema."

Mzee Machibya akauliza, "Na nani aliuweka?"

"Hajulikani."

"Kitu hakiji bila mwenyewe."

Masalu akashusha ile picha. Akasema, "Mimi ndiye baba. Nimemwuliza daktari, naye hajui. Kama mimi ninaweza kumzika mtoto wangu bila kujua, na ninyi kaeni bila kujua. Atakayemgusa mama huyu amenigusa mimi, na simwachii Mungu."

Kijana mmoja alikuwa na kitu ndani ya gunia. Alilirudisha garini polepole. Mzee Machibya alipanda lori bila kuniaga. Sisemi ameamini. Nasema alipanda.

Ndipo mumeo aliponijia, akaketi chini, akaniambia Monika ananiulizia, nifungashe. Naja kesho na lori hilo hilo. Sikimbii, nimefuatwa mchana mbele ya watu wote. Ni tofauti, na wao wameiona.

Mama


Bariadi,
10 Juni 2025

Mayu, shikamoo.

Umeondoka juzi tu na nyumba imekuwa kubwa. Masalu ameanza kazi. Anakula. Anifa analeta chai kila asubuhi na kukaa nami bila kuongea, ndivyo ninavyotaka.

Kuna mambo hukuyaona kwa kuwa ulikuwa ndani na wanawake, acha nikuandikie. Siku ya mazishi ya Monika pale Lalago, kabla hujatolewa nje, wake wa ukoo walikuwa wamekaa kwa safu kukuzuia usifike kaburini. Mzee Machibya alikuwa kwenye kiti chake. Masalu alikwenda akasimama mbele yake tu, huku padri anasubiri na jua linawaka. Mwisho mzee akainua fimbo yake kidogo, wanawake wakajisogeza. Ndiyo maana ulipita. Ulitupa udongo wako ukidhani njia ilikuwa wazi.

Na jambo lingine. Ile wiki Monika alipokuwa hawezi tena kusema, ulitoka kwenda kuoga, nikamwuliza kama anaogopa. Tulikuwa tumekubaliana kufumba macho ni ndiyo. Hakufumba. Aliniangalia mpaka wewe ukarudi, kisha akakuangalia wewe.

Siku aliyokata pumzi ulimshika mkono mmoja na Masalu mwingine. Mimi nilishika miguu. Nawaza kwamba hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake.

Mayu, usibaki huko. Maneno ya Masalu yanamlinda mtu kwa muda, lakini vijana wanakua, mvua zinakosa, mifugo inakufa, na mtu mwenye macho mekundu anakumbukwa. Chumba cha Monika kipo. Rudi.

Apolonia


Mwandoya,
27 Juni 2025

Mama Monika,

Mwangaluka, mwanangu. Nimelala kwangu tangu nilipofika. Wengine wananisalimia, wengine wanaona kitu cha kutazama upande wa pili. Mawe hayajarudi. Wiki jana nilikuta kuku wangu mweupe mlangoni, amenyongwa shingo. Sikufichi tena jambo, ndiyo maana nakuandikia. Nimemwonyesha mwenyekiti, na nimemzika kuku mchana, watu wakiona.

Chumba cha Monika nitakuja kukiona. Si sasa. Nimezaliwa hapa, nimefundisha nusu ya watu wanaoniogopa kuandika majina yao.

Sasa sababu ya barua. Leo asubuhi alikuja mwanamke wa kitongoji cha pili, aliyeolewa katika ukoo wa yule kijana wa gunia siku ile ya lori. Alikuja na mtoto wake wa kiume, Thomasi, wa umri kama wa Monika. Alisimama nje ya ua kwa muda, akipima kuingia. Kisha akasema, "Mwalimu, uliliona jicho la mjukuu wako kabla ya madaktari. Nitazamie na huyu."

Elizabeth alinivuta nguo. Alininong'oneza karibu na sikio nisimguse. Mtoto akifa baada ya kuguswa nami, hakuna lori litakalofika kwa wakati. Anasema kweli. Nilisimama pale nikayawaza, nami niliogopa, nisikudanganye.

Nikamwita mtoto. Nilimshika kidevu mbele ya wote. Macho yake ni mazuri. Lakini mama yake anasema kila asubuhi anaamka na maumivu ya kichwa, anatapika kabla hajala, kisha anapata nafuu na kwenda shule. Imekuwa hivyo wiki kadhaa. Nilimwambia atembee kwa kufuata mstari, akayumba.

Ulipoandika kutoka Mwanza ulisema daktari alikuambia kuna uvimbe unaokatika, na watoto wakapona. Sijui kama huyu anao, wala sijui kama ni wa namna hiyo. Nimemwambia mama yake asimpeleke kwa watu wa miwani wala asimpe dawa ya taifodi, aje kwako.

Mume wake hajui. Ukoo wake ukijua nani amemtuma, watazuia. Wakifika hospitali na mtoto akafa huko, najua nimejiweka wapi, na wewe ujue kwamba nilijua.

Wanapanda basi la Paschal kesho asubuhi; barua hii inatangulia leo mchana kwa dereva mwenzake. Mama yake Thomasi atavaa kitenge cha kijani, mtoto atakuwa na shati la shule. Nenda stendi ukawapokee, usiwangojee nyumbani. Wapeleke moja kwa moja hospitali ya mkoa.

Mama yako,
Klementina